Namna ya Kuunganisha Projekta na Kompyuta Mpaka Picha Ikae Sawa Ukutani: Mwongozo Kamili

Swali linalorudi kila mara ni lilelile: projekta inawaka, kompyuta inawaka, kebo imechomekwa, lakini ukutani kuna ubuluu mtupu na maneno No Signal. Anayeuliza huwa ni mwalimu ambaye kipindi kinamwishia, katibu wa kamati ya harusi, au kijana wa vyombo kanisani, na watu wamekaa wanamsubiri.

Mara nyingi mashine ni nzima. Tatizo ni mpangilio wa kazi. Mtu anaanza na kompyuta, anarukia kebo, anarudi kwenye rimoti, anabonyeza kila kitu kwa pamoja, na mwisho hajui ni kipi kilichogoma. Fuata hatua hizi kwa mfululizo wake, na usivuke hatua kabla hujaona dalili ya kufaulu. Ukikwama, angalau utajua umekwama wapi.

Maelezo ya kompyuta humu ni ya Windows 10 na 11. Mac na Ubuntu nitazitaja pale zinapotofautiana.

## Vitu vya kuandaa

- Projekta, rimoti yake na betri za akiba. Projekta nyingi zina vitufe vichache mwilini; mipangilio mingine yote imo kwenye rimoti.
- Kompyuta pamoja na chaja yake.
- Kebo ya HDMI. Mita 5 zinatosha darasani, mita 10 ukumbini. Nunua ya kwako. Kebo za kumbi zimekunjwa na kukanyagwa miaka mingi.
- Kebo ya VGA ya akiba, kwa sababu bado utakutana na projekta zisizo na HDMI.
- Adapta inayolingana na tundu la kompyuta yako. Angalia tundu hilo leo, usisubiri siku ya shughuli.
- Waya wa umeme wa projekta. Kwa projekta nyingi ni uleule wa kompyuta ya mezani, hivyo ukisahaulika unaweza kuazima ofisi ya jirani.
- Ekstensheni nene yenye soketi tatu au zaidi, na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) au stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme unaoruka).
- Skrini, ukuta mweupe usiong'aa, au shuka nyeupe nzito.
- Spika na waya wa sauti wa milimita 3.5.
- Tepu ya kupimia, selotepu pana, tochi ya simu na kitambaa laini cha kufutia miwani.

## Hatua ya 1: Pima ukuta kabla ya kuweka meza

Kosa la kwanza hutokea hapa. Watu huweka projekta pale ilipo soketi, wakati kinachoamua mahali pake ni ukubwa wa picha unayoitaka.

Projekta ya kawaida ya darasani au ofisini huhitaji umbali wa takriban mara moja na nusu ya upana wa picha. Ukitaka picha yenye upana wa mita 2, lenzi ikae kama mita 3 kutoka ukutani. Picha ya upana wa mita 3 inadai mita 4.5. Zipo projekta za masafa mafupi zinazokaa karibu kabisa na ukuta, lakini za kubeba mkononi nyingi zinafuata hesabu hii.

Ukubwa wenyewe unaamuliwa na yule aliyekaa kiti cha mwisho. Kwa maandishi, asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha. Kimo cha mita 1.5 kinasomeka mpaka mita 9 hivi. Ukumbi ukiwa mrefu zaidi ya hapo, ama ukuze picha, ama ukuze herufi kwenye slaidi zako.

Lakini usikuze picha ovyo. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ni uleule: ukiongeza upana mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na kila sehemu inabaki na robo ya mwanga. Ndiyo maana picha iliyopendeza ofisini hufifia ikipelekwa kwenye ukumbi mkubwa.

Projekta haina uwezo wa kumwaga weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni mahali ambapo haimwagi mwanga, basi. Kwa hiyo weusi wa picha yako hauwezi kuzidi weusi wa ukuta ulivyo kabla hujawasha. Jua likipiga ukuta, hakuna mpangilio wa rimoti utakaokuokoa. Funga mapazia ya upande wa mbele, zima taa za mbele, acha za nyuma watu waonane. Kwa shughuli ya nje, usipange kuonyesha chochote kabla ya saa moja jioni.

Mahali usipoweza kutia giza, tafuta projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 au zaidi, na kando ya namba hiyo pawe pameandikwa ANSI au ISO, yaani imepimwa kwa viwango rasmi. Zile projekta ndogo za bei nafuu huandikwa maelfu ya lumeni kwenye boksi bila kutaja kipimo. Chumbani usiku zinafaa. Darasani saa nne asubuhi hutaona kitu.

Ukitumia shuka, ivute pembe zote nne, na upitishe ubao au bomba la plastiki kwenye pindo la chini ili isipeperuke. Nyuma yake weka kitambaa cheusi. Shuka nyepesi hupitisha mwanga mwingi upande wa pili, na wewe unaulipia.

*Dalili ya kufaulu:* ukikaa kiti cha mwisho unaliona eneo lote la picha, na hakuna mtu atakayepita kati ya meza na ukuta.

## Hatua ya 2: Andaa umeme

Projekta ya taa hutumia wati 250 mpaka 350 hivi. Si nyingi, pasi hula zaidi. Hatari iko kwenye kukatika ghafla.

Ndani mna taa ya zebaki inayopata joto kali sana, na feni ndiyo inayoipoza. Umeme ukikatika, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto. Mara moja haitaiua. Ikiwa ni kila wiki, maisha yake yanafupika, na taa hiyo ni miongoni mwa vipuri ghali kuliko vyote katika mashine.

UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, kwa hiyo ipe projekta peke yake. Usiichomeke na spika wala printa. Kazi yake si kuendeleza filamu, ni kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu.

Kwenye jenereta, acha mashine itulie kwanza, washa spika na friji za ukumbi, ndipo uchomeke projekta kupitia stabilaiza. Kila mzigo mkubwa unapoingia au kutoka, umeme huruka.

Kompyuta nayo ichomeke kwenye ekstensheni ileile inayolisha UPS ya projekta, au angalau soketi ya ukuta huohuo. Sababu utaiona kwenye hatua ya sauti.

Onyo: zungusha waya wa umeme mara moja kwenye mguu wa meza kabla haujapanda juu, kisha bandika waya wote sakafuni kwa selotepu. Mtoto akijikwaa, avute mguu wa meza, asivute projekta.

*Dalili ya kufaulu:* kijitaa kimoja mwilini mwa projekta kimewaka. Ni cha kuonyesha kwamba umeme umefika. Projekta yenyewe bado haijawashwa.

## Hatua ya 3: Chomeka kebo

Hapa tulia. Nusu ya lawama zinazorushiwa projekta chanzo chake kiko kwenye kebo na adapta.

### HDMI

Ikiwa mashine zote mbili zina HDMI, itumie. Inabeba picha na sauti kwa pamoja na haihitaji marekebisho mengi.

Sukuma kichwa mpaka kifike mwisho. HDMI haina skrubu za kuishikilia, na kebo ya mita 10 ni nzito kiasi cha kuning'inia na kujichomoa taratibu. Bandika kebo mezani kwa selotepu, sentimita chache kabla ya tundu, ili uzito ubebwe na meza.

Kebo ndefu sana, za mita 15 na kuendelea, mara nyingi zina kifaa cha kukuza mawimbi ndani na zina upande. Kichwa kilichoandikwa Source kinakwenda kwenye kompyuta, kilichoandikwa Display kinakwenda kwenye projekta. Ukigeuza, hupati kitu.

Kwa kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, utaona matundu mawili ya HDMI nyuma: moja juu karibu na matundu ya USB, jingine chini kwenye kadi. Chomeka la chini. La juu mara nyingi linakuwa limezimwa.

### VGA

Hii ni ile ya kichwa chenye umbo la herufi D, safu tatu za vipini, na skrubu mbili pembeni. Haibebi sauti kabisa.

Kabla ya kuchomeka, mulika kichwa cha kebo kwa tochi ya simu. Vipini ni vyembamba na hupinda kirahisi mtu anapochomeka gizani kwa nguvu. Kimoja kikiwa kimelala pembeni, kinyooshe polepole kwa ncha ya kalamu ya chuma au kibanio cha nyusi, ukikisukuma kidogokidogo. Usikirudishe kwa mkupuo mmoja, kitakatika. Ukiona tundu moja la safu ya katikati halina kipini, usishtuke: kebo nyingi za VGA hutengenezwa hivyo, bila kipini namba 9.

Rangi za picha zinakuambia kipini gani kimegoma. Picha yote ikiwa ya njano, buluu haifiki. Ikiwa na ukijani wa kibuluu, nyekundu haifiki. Ikielekea waridi na zambarau, kijani ndicho hakifiki. Chomoa kebo, angalia tena, chomeka, kaza skrubu zote mbili. Mafundi wengi hukaza moja, na hiyo moja inakifanya kichwa kikae upande.

### USB-C

Laptopu nyingi mpya zina USB-C tu. Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya chaji na mafaili pekee. Angalia kando ya tundu: alama ya radi ya Thunderbolt au herufi D na P za DisplayPort maana yake picha inatoka. Pasipo na alama, tafuta modeli ya kompyuta yako na usome sifa zake kabla ya kununua adapta. Simu za Android ni vilevile: zenye USB-C ni nyingi, zinazotoa picha kwa waya ni chache.

### Adapta ina njia moja

Adapta ya kutoa HDMI kwenda VGA haifanyi kazi ya kutoa VGA kwenda HDMI, hata kama vichwa vinaingia. Dukani taja mwelekeo wazi: "Kompyuta yangu ina HDMI, projekta ina VGA." Ukisema tu "adapta ya VGA na HDMI" utapewa yoyote iliyo karibu na mkono.

Nunua yenye tundu la sauti la milimita 3.5 ubavuni. Nyingine zina tundu dogo la kuongezea umeme wa USB; lipo kwa sababu, litumie picha ikiwa inawaka na kuzima.

*Dalili ya kufaulu:* kila kichwa kimekaa, ukitikisa kebo kidogo hakuna kinachocheza.

## Hatua ya 4: Washa projekta kwanza, kisha uiambie isikilize wapi

Ondoa kifuniko cha lenzi, au sukuma kile kijimlango cha kutelezesha mpaka mwisho. Kisipofunguka chote, projekta nyingine huzuia picha makusudi.

Bonyeza Power mara moja, na subiri. Taa huchukua nusu dakika hadi dakika nzima kufikia mwanga wake. Usibonyeze tena kwa kukosa subira, maana kubonyeza mara mbili ndiyo amri ya kuzima.

Onyo: usichungulie lenzi ikiwa inawaka, na usiweke meza ya projekta mahali mtoto anaweza kufikisha jicho.

Sasa bonyeza kitufe kilichoandikwa Source, Input au Search. Projekta ina milango kadhaa, na inasikiliza mmoja tu kwa wakati. Ukichomeka HDMI huku yenyewe inasikiliza Computer, utaandikiwa No Signal mpaka kesho. Kwenye projekta nyingi, Computer au PC ni jina la mlango wa VGA. Zenye HDMI mbili huandikwa 1 na 2. Soma maandishi madogo kwenye tundu ulilochomeka, kisha uchague lilelile.

Kwa nini projekta itangulie? Kompyuta inapogundua kifaa kipya huuliza ukubwa wa picha kinachoukubali. Projekta iliyozimwa inaweza isijibu, na kompyuta ikaendelea kana kwamba hakuna kitu.

*Dalili ya kufaulu:* ukutani pameandikwa jina la mlango uliouchagua, hata kama chini yake pameandikwa No Signal. Hiyo ni hali ya kawaida kwa sasa.

## Hatua ya 5: Iambie kompyuta itoe picha

Shikilia kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza P. Pembeni zitatokea chaguo nne:

- PC screen only: picha inabaki kwenye kompyuta tu. Hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu kompyuta inakumbuka chaguo la mara ya mwisho.
- Duplicate: ukutani na kwenye kompyuta panaonekana kitu kilekile.
- Extend: ukuta unakuwa kioo cha pili, chenye mambo yake.
- Second screen only: ukutani tu, kioo cha kompyuta kinazima.

Ukiwa mgeni kwenye kazi hii, chagua Duplicate. Unachokiona mbele yako ndicho wanachokiona, na hakuna cha kukuchanganya.

Extend ni nzuri ukishazoea, kwa sababu PowerPoint inakuonyesha maelezo yako binafsi huku wasikilizaji wanaona slaidi pekee. Shida yake ni kwamba ukiwasha, ukutani patatokea picha ya mandharinyuma tupu, na mtu anadhani mambo yameharibika. Hayajaharibika. Bofya dirisha unalotaka kuonyesha, kisha bonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia au kushoto. Dirisha litarukia ukutani.

Kwenye laptopu nyingi kuna kitufe cha safu ya juu chenye alama ya vioo viwili. Kinafungua chaguo zilezile, wakati mwingine ukishikilia Fn. Ubuntu hutumia kitufe cha Windows na P vilevile. Kwenye Mac, fungua System Settings, kisha Displays, na uchague kuakisi kioo.

*Dalili ya kufaulu:* kioo cha kompyuta kinapepesa mara moja, na ndani ya sekunde chache picha inakaa ukutani.

### Bado No Signal? Fuata njia hii, usiruke

Kwanza, rudia Source na usubiri sekunde kumi kwa kila mlango. Baadhi ya projekta huchukua muda kutambua.

Pili, bonyeza Windows na P tena. Chagua PC screen only, ngoja, kisha Duplicate. Unailazimisha kompyuta iulize upya.

Tatu, chomoa kebo upande wa kompyuta na uichomeke tena, projekta ikiwa inawaka.

Nne, toa adapta kwenye mnyororo kama unaweza, hata kwa kuazima kompyuta nyingine yenye HDMI yake. Picha ikitokea, mkosaji ni adapta.

Tano, badilisha kebo. Kisha peleka kebo ileile kwenye televisheni: ikionyesha, kebo ni nzima na kompyuta ni nzima, hivyo tatizo limebaki kwenye projekta.

Sita, zima na kuwasha kompyuta huku kebo imechomekwa.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha kebo na adapta kwa pamoja na picha ikatokea, wiki ijayo utakuja na kile kibovu tena.

Ukiona maneno kama Out of range au Not supported, hilo ni jambo tofauti: mawasiliano yapo, ila kompyuta inatuma picha kubwa kuliko projekta inavyoweza. Bofya kulia kwenye uso wa kompyuta, fungua Display settings, na shusha ukubwa. Projekta nyingi za kazi ni za 1024 × 768 au 1280 × 800. Mpya nyingi ni 1920 × 1080. Kuweka ukubwa ule hasa wa projekta ndiko kunakofanya herufi ndogo zikae kali.

Na ukiona kila kitu isipokuwa filamu, ambayo inabaki weusi mtupu, basi unacheza kutoka huduma ya kulipia yenye ulinzi wa hakimiliki. Ulinzi huo unadai HDMI mpaka mwisho. Ukipitia VGA hukataa.

## Hatua ya 6: Nyoosha picha

Mpangilio ni huu: mahali, ukubwa, umbo, ukali. Ukianza na ukali utaurudia mara tatu.

Sogeza meza mpaka lenzi itazame katikati ya ukuta, moja kwa moja. Kimo cha meza kikaribie ukingo wa chini wa picha, kwa sababu projekta nyingi za mezani hurusha picha juu kuanzia usawa wa lenzi. Kisha zungusha pete ya ukubwa mpaka picha ijaze skrini.

Ukiinua pua ya projekta kwa miguu yake, picha hupanuka juu na kubana chini. Kitufe cha Keystone hurekebisha umbo hilo, lakini kinafanya hivyo kwa kuibana picha ndani ya mashine, na herufi zinapoteza ukali. Mimi hukitumia mwishoni kabisa, tena kidogo. Kuongeza vitabu viwili chini ya projekta kunaleta picha safi zaidi, mradi visizibe matundu ya hewa ya chini wala ya ubavuni.

Picha ikiwa imepinduka juu chini, mtu wa mwisho aliifunga darini. Fungua Menu, tafuta Projection, na uchague Front badala ya Front/Ceiling. Herufi zikisomeka kinyume, kulia kwenda kushoto, basi imewekwa Rear.

Sasa ukali. Fungua slaidi yenye herufi ndogo, siyo picha ya maua. Zungusha pete ya Focus huku mwenzako amesimama karibu na ukuta akikuambia. Angalia katikati, halafu pembe zote nne. Pembe moja ikikataa, projekta haijatazama ukuta sawasawa.

*Dalili ya kufaulu:* kingo za picha zinalingana na kingo za skrini, na aliyekaa mwisho anasoma kwa sauti mstari mdogo kuliko yote.

## Hatua ya 7: Sauti

Ukichomeka HDMI, kompyuta huhamishia sauti kwenye projekta, hata projekta ikiwa na spika dhaifu au haina kabisa. Ndipo watu wanaposema "video haina sauti". Bofya alama ya spika kwenye kona ya chini kulia, fungua orodha ya vifaa, na uchague spika za kompyuta badala ya projekta.

Kwa ukumbi, toa sauti kwenye tundu la milimita 3.5 la kompyuta kwenda kwenye mixa (mashine ya kuchanganya na kupandisha sauti). Anza sauti ya kompyuta ikiwa karibu robo tatu, na ya mixa ikiwa chini kabisa, kisha pandisha ya mixa.

Ukisikia mvumo wa "mmm" usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta kwa muda. Ukikoma, tatizo ni umeme wa soketi mbili tofauti kukutana kupitia waya wa sauti. Chomeka chaja, UPS ya projekta na mixa kwenye ekstensheni moja, kama uzito wa mixa na spika unaruhusu.

*Dalili ya kufaulu:* sauti inasikika nyuma ya ukumbi, video ikisimama kuna ukimya.

## Hatua ya 8: Ifiche nyumba yako kabla ya kuwaalika watu

Ukuta wa mita 3 unaonyesha kila kitu. Funga kabisa WhatsApp ya kompyuta na barua pepe. Kuzima sauti yake hakuzuii ujumbe kuchomoza kwenye kona mbele ya wakwe na mgeni rasmi. Washa Do not disturb (kwenye Windows 10 inaitwa Focus assist). Safisha uso wa kompyuta, na funga tabo za kivinjari usizozihitaji.

Fungua Settings, System, kisha sehemu ya Power, na uweke kioo kisizime wala kompyuta isilale. Hakikisha chaja inachaji kweli. Nakili video kutoka flashi uiweke kwenye kompyuta. Flashi ikiguswa bahati mbaya, video inakufa katikati.

Kwenye PowerPoint, F5 huanza mwanzo, Shift na F5 huanza slaidi uliyopo. Herufi B huufanya ukuta kuwa mweusi na kuurudisha, nzuri sana unapotaka watu wakutazame wewe. Ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter, unaifikia bila kupitia zilizo katikati.

Kuhusu kuunganisha bila waya: Windows na K hutafuta projekta zenye Miracast. Kwa kikao cha watu watano, sawa. Kwa harusi au semina siipendekezi. Ukumbi ukijaa simu, mawasiliano hayo huyumba, na video ndiyo ya kwanza kukwama.

## Hatua ya 9: Shughuli ikiendelea

Weka rimoti mfukoni. Freeze husimamisha picha ukutani huku wewe unatafuta faili jingine kimyakimya. A/V Mute au Blank huzima picha bila kuzima taa. Viwili hivi vinakuepusha na kuzima na kuwasha projekta kila mara, jambo linaloichosha taa.

Kijitaa cha Temp kikiwaka, angalia kama kuna pazia, karatasi au ukuta unaoziba hewa. Acha nafasi ya kutosha pande zote, hasa pale hewa ya moto inapotokea.

Umeme ukikatika na UPS ikaanza kulia, zima projekta kwa Power mara moja. Ikiwa hukuwa na UPS na projekta imezimika ghafla, umeme ukirudi usiilazimishe. Taa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe. Ipe dakika kumi.

Onyo: taa ikipasuka, na utasikia mlio wake, zima, toa watu karibu na mashine, fungua madirisha. Ndani mna zebaki. Vipande asivitoe mtu kwa mkono mtupu.

## Hatua ya 10: Kuzima, kufunga na kusafisha

Bonyeza Power mara mbili. Taa itazima na feni itaendelea. Usichomoe waya mpaka feni inyamaze na kijitaa kiache kupepesa. Projekta kadhaa za sasa, zikiwemo nyingi za Epson, zimeundwa kuchomolewa mara moja. Ikiwa huna kitabu cha mashine yako, subiri.

Chomoa kebo kwa kushika kichwa, usivute waya. Zikunje kwa duara pana. Projekta iingie kwenye mkoba ikiwa imepoa, lenzi imefunikwa.

Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kuanzia katikati kwenda nje. Si kwa khanga, si kwa pumzi na kona ya shati. Vumbi lililonasa kwenye uzi hukwaruza kioo.

Kichujio cha hewa ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Katika mazingira yetu ya vumbi, kifungue kila mwezi ikiwa projekta inatumika kila wiki. Kiko ubavuni au nyuma, ndani ya kijifuniko kinachofunguka kwa kubonyeza. Kitoe, kipeleke nje, kisafishe kwa brashi laini upande mmoja kwenda mwingine mpaka uone mwanga ukipita. Usikioshe kwa maji isipokuwa kitabu cha mashine kimeruhusu. Kisha bandika kipande cha selotepu chini ya projekta, andika tarehe ya usafi, ili atakayeichukua mwezi ujao ajue zamu inaanzia wapi.